Mgeni Aliyesema Samahani

Katika nchi ya Karibuni hakuna gereza hata moja, na hili ni jambo ambalo majirani wenye wivu hawapendi kulitaja. Magereza yalifutwa siku Mtukufu Mwenyeji Mkuu alipotawazwa, kwa hotuba iliyoanza watu wakiwa wamesimama na kwisha watu wakiwa wameanguka. "Kwetu sisi," alisema, "hakuna mfungwa. Kuna mgeni tu. Na mgeni wa Karibuni haondoki mpaka sisi wenyewe tushibe kumkirimu!" Watu wakashangilia sana. Nyuma yao walisimama vijana wenye marungu, waliokuwa wakiwasaidia wale waliochelewa kufurahi.

Ndipo ikajengwa Hoteli Kuu ya Taifa, juu ya kilima cha mji mkuu. Ni hoteli nzuri, na anayebisha hajawahi kulala humo. Kila chumba kina kitanda, kina simu nyeusi juu ya kijimeza, na kina komeo imara la chuma. Komeo limewekwa upande wa nje ili mgeni asisumbuke kufunga. Madirisha yana nondo za mapambo. Vyumba vimepewa majina ya tabia njema: Subira, Shukrani, Utii, Unyenyekevu. Na chini kabisa, chini ya jiko, chini hata ya stoo ya makaa, kuna vyumba vinavyoitwa Mapumziko Marefu. Huko hakuna simu. Huko halijawahi kutoka lalamiko lolote, na kila Wizara ya Ukarimu inapotaka kuthibitisha ubora wa huduma zake, huko ndiko inakochukua mfano.

Wapo wasemao eti Karibuni kulalamika ni kosa. Uongo mtupu. Kulalamika ni haki ya kila raia, ila kuna utaratibu wake. Lalamiko hupokelewa kwa simu ya hoteli, na simu ya hoteli ni ya wageni wa hoteli. Basi raia akisikika sokoni ananung'unika, serikali haimkamati. Inamwekea nafasi, akalalamike vizuri akiwa ametulia.

Simu zote hizo, za kuweka nafasi, za maombi na za malalamiko, zilipita mikononi mwa mwanamke mmoja, Bi. Mkunde Shekivuli, opereta wa hoteli. Alikaa kwenye chumba chenye ukuta wa kioo, mbele ya swichibodi iliyojaa matundu na waya. Kwenye simu sauti yake ilikuwa laini kama uji wa mgonjwa. Akiweka mkonga wa simu chini, mdomo ule ule ungeweza kumenya ndizi bila msaada wa mikono.

Bi. Mkunde alikuwa na ujuzi mmoja ambao bila huo hakuna aliyedumu kwenye kiti kile. Karibuni, kumwuliza mkubwa "Nani mwenzangu?" kwenye simu ni kosa zito kuliko kuiba ng'ombe wa serikali. Mkubwa hajitambulishi. Mkubwa anajulikana. Alikuwapo opereta mmoja kabla ya Bi. Mkunde, kijana mchangamfu, aliyeuliza "Naongea na nani?" kumbe anaongea na shemeji wa Mwenyeji Mkuu. Mpaka leo hajamaliza kupumzika.

Sasa kama huulizi, utamjuaje mkubwa? Kwa matusi yake. Aliyesema "Habari za kazi" alikuwa mwalimu au muuguzi, unaweza kumwacha na laini yake mpaka achoke. Aliyesema "Wewe!" alikuwa karani mkuu. "Mjinga wewe!" huyo alikuwa mkuu wa idara. Aliyekutukana wewe pamoja na ukoo wako ni katibu mkuu, mjibu ukiwa umekaa wima. Na aliyeanza kutukana kabla hujanyanyua mkonga, ukamkuta katikati ya tusi, huyo alikuwa waziri, simama.

Na aliyesema "samahani"? Huyo hakuwa mtu.

*

Asubuhi moja, Bi. Mkunde akiwa ameshika kikombe cha chai, taa ya laini ya nje ikawaka.

"Kenge wee! Umelala?"

Mkuu wa idara, aliwaza Bi. Mkunde, anayetaka kupanda cheo. "Hoteli Kuu ya Taifa, karibu tukukirimu, mzee."

"Weka nafasi chumba kimoja. Leo hii. Kinyozi."

"Amefanya nini cha kutufurahisha, mzee?"

"Alikuwa ananyoa mtu pale sokoni, akasema maji ya bomba yana rangi ya chai."

"Masikini. Anahitaji kulalamika haraka. Chumba cha upande gani, mzee? Anapenda kuona jua?"

"Hataliona."

"Kwa jina la nani?"

"Hoza Shekivuli."

Chai ilimmwagikia Bi. Mkunde mapajani, ya moto, na hakujigusa. Hoza alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alimbeba mgongoni yeye mwenyewe akiwa bado mtoto, akamfuta kamasi, akampigania shuleni, maana Hoza alizaliwa bila uwezo wa kugombana. Alikuwa akimwomba radhi mteja kabla ya kumnyoa, na nywele zikianguka alizitazama kama vile anataka kuziomba radhi nazo. Kama Hoza ameweza kusema maji yana rangi ya chai, basi maji yale lazima yalikuwa na sukari kabisa.

"Shekivuli," ile sauti ikarudia. "Si ndiyo ukoo wako huo, wewe kikongwe?"

"Majina yamejaa, mzee. Kwetu hata mbuzi wanaitwa hivyo."

"Mbuzi, eh!" Mtu akacheka, akakata simu.

Bi. Mkunde akachomeka waya mapokezi, akawaambia waandae chumba cha Unyenyekevu. Sauti yake ilikuwa laini vile vile.

*

Hoza alipiga simu siku hiyo hiyo.

"Halo. Samahani sana. Habari za hapo? Kama haitakuwa usumbufu..."

"Hoteli Kuu. Lalamiko au ombi?"

"Dada? Dada Mkunde, ni we..."

"Hapa hakuna dada yako, mbuzi wewe! Lalamiko au ombi?"

Kukawa kimya. Bi. Mkunde alijua kimya kile. Ndicho kilekile cha utotoni alipomnyang'anya Hoza kitu. Lakini alikuwa ameshaona, kupitia kioo, kwamba msimamizi wake amenyanyua simu ya pili, ile iliyowekwa ofisini kwake ili asikie kila linalosemwa.

"Ombi," alisema Hoza, sauti imenywea. "Maji ya kunywa tu. Lakini kama mna kazi nyingi, samahani, nitasubiri."

Bi. Mkunde akakata. Mara mlango wa kioo ukafunguka, akaingia msimamizi huyo, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kanali Ligonja, Afisa Mwandamizi wa Ukarimu wa Lazima. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, uhandisi wa heshima, na ukanali wa heshima. Kitu pekee alichokipata kwa jasho lake ni kitambi. Kifuani alining'iniza nishani nyingi sana, na akitembea zilipiga kelele kama masufuria ya mama ntilie yanayohamishwa.

"Umemsikia huyo?" alisema, anacheka mpaka nishani zinacheka naye. "Samahani mbili kwa pumzi moja! Mtu mdogo namna hiyo anakalia chumba chenye simu? Ni kuidhalilisha hoteli. Ijumaa namteremsha Mapumziko Marefu."

"Kwa kosa gani, mzee?"

"Kosa?" Ligonja alichukizwa kweli. "Unataja kosa la mgeni? Adabu yako iko wapi, wewe mama? Huu ni ukarimu! Mtu amechoka, anapumzishwa."

"Ni kweli, mzee. Ila utaratibu unasema mgeni hateremshwi kabla hajaulizwa kwa simu kama ameridhika na huduma."

"Najua utaratibu, niliutunga mimi. Nitamuuliza mwenyewe, Ijumaa baada ya chakula. Akisema ameridhika, anateremka, maana hana tena la kusema na simu. Akisema hajaridhika, anateremka ili asione yale yasiyomridhisha." Akajipapasa kitambi. "Serikali haimlazimishi mtu jibu."

*

Siku iliyofuata Ligonja alikwenda kwenye kikao cha kupanga vikao. Nishani zake ziliposikika zikiishia ngazini, Bi. Mkunde akachomeka waya chumba cha Unyenyekevu.

"Hoza, hapa ni mimi, na hakuna anayesikiliza. Nitukane."

"Dada!"

"Nitukane nakwambia."

"Samahani, siwezi. Wewe ndiye uliyenilea."

"Na ndiyo maana nina haki ya kutukanwa! Ligonja anakuteremsha Ijumaa, unasikia? Kule chini hakurudi mtu. Huwezi kumwomba, huwezi kumlilia, wamemlilia watu waliosoma. Kuna njia moja tu. Kichwa cha Ligonja kina mlango mmoja, na mlango huo unafunguka kwa teke. Akitukanwa anajua anaongea na mkubwa, basi, hachunguzi zaidi."

"Lakini anajua mimi ni kinyozi. Ameniona nikiletwa."

"Anajua leo. Ukimtukana sawasawa atasahau. Nimeona watu wazima wakitukanwa na waziri wakasahau majina ya watoto wao. Haya, nitukane."

Hoza akavuta pumzi. "Wewe... wewe si mzuri sana."

"Ya Rabi! Kasuku wa jirani ana mdomo kukuzidi. Sema: pimbi wee!"

"Pimbi... wee. Shikamoo."

"Usinipe shikamoo baada ya tusi!"

"Nilidhani inapunguza makali."

"Hatutaki yapungue! Rudia. Kwa kifua. Kama vile nimekanyaga mkia wako."

"Sina mkia, dada."

"Hoza, nitapanda huko juu nikuchape!"

"Samahani."

Bi. Mkunde akaegemeza paji la uso kwenye swichibodi. Kila Ligonja alipotoka, hata kwenda msalani, somo liliendelea. Alimfundisha Hoza kukata maneno ya mwenzake, kupumua kwa hasira puani, kusema "Unajua unaongea na nani?" bila kusubiri jibu. Mwanafunzi alijitahidi. Alhamisi alikuwa amefikia "Bwege wee, tafadhali." Bi. Mkunde akajua kwamba Ijumaa atampoteza mdogo wake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa bado na ukungu.

*

Ijumaa, baada ya chakula, Ligonja alijifuta mafuta midomoni, akanyanyua simu yake, akaamuru aunganishwe na chumba cha Unyenyekevu. Bi. Mkunde akaunganisha, naye akabaki kwenye laini. Kupitia kioo alimwona bosi wake akiegemea kiti kwa nyuma, miguu mezani.

"Mgeni mpendwa," Ligonja alianza, kwa sauti ile ya redioni. "Kwa niaba ya Wizara ya Ukarimu, na kwa kutambua, na vilevile kwa kuzingatia, na pasipo kusahau fadhila za Mtukufu Mwenyeji Mkuu, ambaye usingizi wake ndio mto wetu na njaa yake ndiyo shibe yetu, napenda kukuuliza swali la kirafiki. Je, umeridhika?"

Sasa, aliomba Bi. Mkunde moyoni. Sasa, Hoza.

"Samahani," alisema Hoza. "Nimeridhika sana. Asanteni."

"Safi sana! Mgeni muungwana. Basi leo hii utapelekwa mahali tulivu zaidi." Ligonja alikuwa ameshiba, na mtu aliyeshiba mdomo wake hautulii. "Na hutakaa huko peke yako. Kuna kikongwe chetu hapa cha kupokea simu, kile chenye sauti ya uji. Kimechakaa kama ufagio wa sokoni. Na kina ukoo mmoja na wako, usidhani sijui. Wiki ijayo nakiteremsha nacho, kikawafagilie huko chini."

Kukawa kimya. Kimya hiki Bi. Mkunde hakukijua.

"Rudia," alisema Hoza.

"Nini?"

"Rudia ulichosema, pimbi wee! Nani amechakaa? Nani ufagio? Unajua unaongea na nani, wewe chura wa mtaroni uliyefungwa tai? Kichwa chako wembe ukikiona unaomba likizo! Bichwa fenesi! Ukoo wako mzima nimeutazama, hakuna hata mmoja aliyezaliwa na shingo! Nitakunyoa bila maji, mwanaharamu, nitakunyoa mpaka mawazo yaonekane!"

Miguu ya Ligonja ilishuka mezani yenyewe. Kiti kikasukumwa nyuma kwa mkwaruzo mrefu. Alisimama wima, mkono wake wa kulia ukaanza kufunga vifungo vya koti kimoja kimoja, na nishani zikatetemeka zote kwa pamoja.

"Ndiyo, mzee. Kabisa, mzee. Ni uzembe wa walio chini yangu, mzee."

"Nani amenifungia humu?"

"Ni walio chini yangu, mzee!"

"Nataka gari!"

"Linapashwa moto, mzee. Lenye bendera, mzee."

"Na maji! Maji masafi, sio hii chai yenu!"

"Maji masafi ya chupa, mzee, na chai pembeni kama utapenda, mzee, hata usipopenda, mzee."

Ligonja aliweka mkonga chini kwa mikono miwili, kama anamlaza mtoto. Akatoka mbio, kola imelowa jasho. "Nani alimweka mkubwa yule kwenye Unyenyekevu? Mnataka kunimaliza? Bado kidogo nimteremshe chini, Mungu wangu, na watoto wangu bado wadogo!"

"Kwani ni nani huyo, mzee?" aliuliza Bi. Mkunde, laini kabisa.

"Usiulize! Unataka tufe?"

Kupitia dirisha Bi. Mkunde alimwona Hoza akitoka mlango mkubwa, akiwa na kandambili miguuni na shuka la hoteli begani, wahudumu wamepanga mistari miwili wakiinamisha vichwa. Gari jeusi lilimpokea. Hapo ndipo Bi. Mkunde alipojikuna mapaja yaliyoungua, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chai.

*

Hoza alitaka kwenda nyumbani. Lakini alikuwa na hofu hata ulimi umemkauka, na dereva hakuthubutu kumwuliza mkubwa anaelekea wapi. Akalipeleka gari lilikozoea kwenda, Wizara ya Ukarimu. Mabawabu wakaona gari lenye bendera, ndani yake mtu wa kandambili, uso umekunjamana, asiyemsalimu mtu. Wakaogopa sana. Mtu anayethubutu kuja wizarani na kandambili atakuwa na cheo gani huyo? Hakuna aliyeuliza. Akafunguliwa ofisi.

Kila alipoinuka kuondoka, watu wote waliinuka. Akikaa, wanakaa. Akakata tamaa, akakaa moja kwa moja.

Siku za mwanzo Bi. Mkunde, ambaye Ligonja kwa hofu alikuwa amesahau kumteremsha, alifurahi kuisikia sauti ile kwenye laini ya nje. Ilitukana kwa aibu, kama mtu anayeogelea na nguo. Mkubwa wa Kandambili, kama walivyomwita huko, aliamuru kwanza kabisa bomba la sokoni lirekebishwe. Likarekebishwa upesi: likapakwa rangi ya samawati, na vikombe vyeupe vikapigwa marufuku sokoni ili watu wasiwe wanalinganisha. Aliletewa taarifa kwamba malalamiko yamekwisha. Akaisoma, akanyamaza, akaletewa kuku wa kukaanga.

Kisha sauti ikaanza kunenepa. Matusi yakatoka kifuani. Bi. Mkunde aliyapima kwa sikio lake la miaka mingi: mkuu wa idara, halafu katibu mkuu, halafu, asubuhi moja, alinyanyua mkonga akamkuta yuko katikati ya tusi. Akasimama, mwili wenyewe ukasimama, na akiwa amesimama pale alijisikia kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu vizuri sana, somo lenyewe likiwa wizi. Mkubwa alikuwa akimwekea nafasi muuza magazeti. Hakusema dada. Hakuuliza hali.

Ikafika wakati wa Sherehe ya Ukarimu, wageni wakahesabiwa ili wapewe pipi, ikaonekana kwenye Unyenyekevu hakuna kinyozi. Mwenyeji Mkuu aliposikia mgeni ameondoka bila kuaga alikosa usingizi, na nchi nzima ikakosa mto. Ikaundwa tume ya kumsaka kinyozi. Mwenyekiti wa tume, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, akawa Mkubwa wa Kandambili.

Hoza alijitafuta kwa bidii, na wajumbe wakamsifu. Asingeweza kukataa, angekataa, mtu angeweza kujiuliza kwa nini. Alitafuta mpaka tume ikachoka na kusema: kinyozi hapatikani, basi apatikane mtu mwingine. Nani aliongea na kinyozi mara ya mwisho?

*

"...na mashangazi zako wote, kenge wee!"

Bi. Mkunde alikuwa ameshasimama. "Hoteli Kuu ya Taifa, karibu tukukirimu, mzee."

"Weka nafasi chumba kimoja. Leo."

Nyuma ya sauti zilisikika sauti nyingine, za wajumbe wanaotafuna na kukohoa.

"Kwa jina la nani, mzee?"

"Mkunde Shekivuli."

Alilisema jina lote, bila kukwama. Bi. Mkunde akatazama waya alizozishika miaka yote ile.

"Anapenda kuona jua huyo, mzee?" aliuliza. "Umewahi kumwuliza?"

Wajumbe wakaendelea kutafuna. Na ndipo kwenye laini, kutoka mbali sana, kutoka nyuma ya kuku wote waliokaangwa, ikaja sauti ndogo ambayo Bi. Mkunde alidhani imeshakufa.

"Samahani, dada."

Ofisini, nyuma ya kioo, Ligonja alikuwa amesimama wima na simu ya pili sikioni, vifungo vyote vimefungwa. Neno lile lilimpiga kama konde. Alitazama mkonga. Akatazama vifungo vyake. Mkubwa amesema samahani? Akakumbuka kandambili. Akakumbuka shuka. Kichwa chake, ambacho kwa miaka kilikuwa na mlango mmoja, kikapasuka dirisha, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Karibuni afisa wa serikali akapaza sauti kwenye simu kuuliza:

"Nani anaongea?"

Kule wizarani wajumbe waliacha kutafuna. Na Hoza, kwa kuwa ameulizwa vizuri, akajibu.

"Samahani," alisema. "Mimi ni kinyozi."

*

Mambo yalikwenda upesi baada ya hapo, maana Karibuni ukarimu hauchelewi. Hoza alirudishwa Unyenyekevu. Bi. Mkunde alipewa Subira, chumba kinachofuata, bila jua. Na Ligonja? Ligonja alikuwa amemwuliza mtu aliyeketi kwenye kiti cha mkubwa kwamba yeye ni nani. Ni kweli alibahatisha, mtu yule hakuwa mkubwa, lakini kiti kilikuwa kiti, na kiti hakiulizwi jina. Kwa kuzingatia nishani zake, alihurumiwa. Alinyang'anywa nishani, akaachiwa koti, akawekwa mbele ya swichibodi, kwa kuwa nafasi ya opereta ilikuwa wazi. Kutwa alitukanwa na nchi nzima. Dada na mdogo wake walipangiwa Mapumziko Marefu, na jikoni walishasikika watu wakiburuta magunia ya makaa ili mlango wa chini upate kufunguka.

Ukuta kati ya Subira na Unyenyekevu ulikuwa mwembamba. Ukagongwa, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Samahani, dada. Kama haitakuwa usumbufu. Umenikasirikia?"

Bi. Mkunde alikuwa amekaa kitandani, miwani mkononi.

"Kuku walikuwa watamu," Hoza alisema ukutani. "Hilo ndilo baya. Mtu anakuogopa, anakuletea kuku, unakula. Kesho unamtukana mapema kidogo ili kuku waje mapema. Nilikuwa nasema kesho nitaacha. Walipotaja jina lako nilifungua mdomo nikatae, likatoka tusi. Lilitoka lenyewe, dada."

"Nyamaza, pimbi wee."

Alilisema polepole, kama zamani alivyokuwa akimwambia alale. Upande wa pili mtu alipenga kamasi.

"Umeniwekea chumba cha kiza," alisema Bi. Mkunde.

"Samahani."

"Na mashangazi zangu umewatukana, wakati ndio mashangazi zako."

"Samahani, dada."

"Sema tena neno hilo nibomoe huu ukuta. Vaa kandambili zako. Na hilo shuka begani, likae vizuri."

Chini jikoni gunia la mwisho liliburutwa. Bi. Mkunde akavaa miwani, akajinyoosha mgongo, akasogea kwenye kijimeza chenye simu nyeusi. Miaka yote aliyokaa kwenye kile kiti alikuwa amepokea matusi ya makarani, ya wakuu wa idara, ya makatibu, ya mawaziri waliokwisha kupinduliwa na ya waliowapindua, na hakuwahi kurudisha hata moja. Yote alikuwa nayo. Yalikuwa yamekaa humo kifuani kwa mpangilio wa vyeo.

Akakohoa kidogo. Akanyanyua mkonga.

"Hoteli Kuu ya Taifa," ikajibu sauti iliyochoka ya Ligonja, "karibu tukukirimu. Lalamiko au om..."

Bi. Mkunde akaanza na ukoo.

Alipofika kwa babu upande wa mama, alinyamaza, avute pumzi. Upande wa pili ulisikika mkwaruzo mrefu wa kiti kinachosukumwa nyuma, kisha, kimoja kimoja, vifungo vya koti.